Msimamizi si mwenye mali

Barua moja iliyoletwa kwetu kuhaririwa ilisema: "Meneja amesimamisha ujenzi wa bwawa." Mwandishi alikusudia kueleza kwamba kazi inakwenda vizuri chini ya meneja huyo. Waliopokea nakala walielewa kwamba ujenzi umekoma, wakaanza kuuliza sababu. Waliopokea ndio waliokuwa sahihi.

Kitenzi mama ni simama. Ukikipa umbo la kutendea unapata simamia, yaani kusimama karibu na jambo kwa ajili yake hadi likamilike. Ukikipa umbo la kutendesha unapata simamisha, na kitu kilichokuwa kikienda kikifanywa kisimame, kimekoma. Ndiyo maana mtumishi anayechunguzwa husimamishwa kazi. Chama cha siasa kinaposimamisha mgombea, hata hivyo, hakijamzuia. Kimemwinua aonekane na wapigakura. Basi, kabla ya kuandika simamisha, jiulize kama kitu hicho kilikuwa kimeketi au kilikuwa kikitembea.

Simamia hakihitaji msaada. "Anasimamia juu ya mradi" ina maneno mawili ya ziada, kwa kuwa umbo la kutendea limekwisha kubeba maana hiyo. Vilevile tuache kusema kifupisho "kinasimamia" maneno fulani. Kifupisho kina kirefu chake, basi.

Neno msimamizi lina historia inayostahili kukumbukwa. Katika mashamba ya Unguja, Pemba na mwambao wa karne ya 19, msimamizi alikuwa mkuu wa wafanyakazi shambani, wa pili wake aliitwa nokoa, na wa tatu kadamu. Nokoa mara nyingi naye alikuwa mtumwa. Watu hawa walipanga kazi na kuamrisha, lakini shamba halikuwa lao. Katika misafara ya kwenda bara, kiongozi ndiye aliyetangulia mbele akiijua njia, na mnyampara aliongoza kundi la wapagazi. Leo tunasema mnyapara, na neno limebaki na harufu ya viboko na kazi ya kulazimishwa. Mimi nisingelitumia kwa mtu yeyote ninayemheshimu, hata kama kazi yake ni kuwapanga vibarua.

Ongoza kina undugu na ongoka, kufuata njia iliyonyooka. Kwa hiyo kiongozi huonyesha mwelekeo, na msimamizi huhakikisha kazi inafanyika. Mpaka huo si ukuta. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahesabu kuwa viongozi hata wakuu wa mashirika ya umma na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu, watu ambao leo tungewaita mameneja. Tazama pia majina ya taasisi zetu. Mzumbe palikuwa na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kilichopandishwa mwaka 2001 kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Dar es Salaam pana Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Na serikalini ipo Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Uongozi, usimamizi na menejimenti hapo vinatafsiri neno lilelile la Kiingereza. Ushauri wangu: tumia uongozi pale panapohusu watu na dira, usimamizi pale panapohusu kazi au mali, na menejimenti kwa kundi la wakuu wenyewe, kama katika "menejimenti imekutana na wafanyakazi".

Kudhibiti ni jambo jingine. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji haichimbi visima wala haiuzi mafuta. Inatoa leseni na kuweka mipaka kwa wanaoendesha huduma hizo. Mkaguzi naye hutazama yaliyokwisha kufanyika. Cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kimeyaweka maneno yote mawili kwa makusudi: kama mdhibiti anaidhinisha fedha zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, kama mkaguzi anachunguza baadaye zilivyotumika. Mwandishi wa habari anayefupisha cheo hicho na kubakiza ukaguzi peke yake amempunguzia mtu nusu ya kazi.

Lakini mahali ambapo kutolielewa neno msimamizi kunaumiza watu kweli ni kwenye msiba. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mahakama inamteua msimamizi wa mirathi, na baada ya miezi michache msimamizi huyo anaanza kusema "nyumba yangu". Wajane hufukuzwa kwa sababu ndugu waliamini, na wao wenyewe wakaamini, kwamba aliyeteuliwa amekuwa mrithi mkuu. Sivyo. Msimamizi anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni, na kuwagawia warithi kinachobaki. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini fungu lake linatokana na urithi, halitokani na usimamizi.

Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo nchini Tanzania, kanuni zinamtaka msimamizi awasilishe mahakamani, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa au muda zaidi atakaoruhusiwa, orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni kwa kutumia Fomu Na. 5. Kisha anatoa hesabu za mirathi kwa Fomu Na. 6 katika vipindi vitakavyopangwa na mahakama. Mrithi anayeona kimya kimezidi ana haki ya kwenda kuuliza kama fomu hizo zimewasilishwa. Pakiwa na sababu ya msingi, anaweza kuiomba mahakama ileile itengue uteuzi, na neno la kuandika kwenye maombi hayo ni kutengua. Akiandika "kusimamisha" ataeleweka kuwa anaomba msimamizi apumzishwe kwa muda tu.