Namba ya NIDA na faili la mgonjwa: yanayosemwa Kigoma na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea zaidi, kuanzia vijiwe vya Ujiji hadi mabenchi ya kliniki za Kasulu, ni kwamba kumbukumbu za matibabu zikiunganishwa na namba ya utambulisho wa taifa, NIDA, yaani mamlaka ya vitambulisho vya taifa ya Tanzania, itajua nani anameza dawa za kufubaza VVU. Sivyo. Katika uunganishaji uliopangwa vizuri, mfumo wa hospitali huuliza jambo moja tu, yaani kama namba hii ni ya mtu huyu. Vipimo, dawa na maelezo ya daktari hubaki katika hifadhi ya huduma za afya.

Faida yake huonekana kwenye dirisha la mapokezi. Mkoani kwetu mapacha wengi huitwa Bukuru na Butoyi, baba mmoja, babu mmoja, siku ya kuzaliwa moja. Nimewahi kumwona karani akifungua faili la Butoyi mwingine kabisa, na kosa likagunduliwa kwa sababu tu mama aliyekuwa mbele yake alisema hajawahi kupasuliwa. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo pacha na pacha hufanana hapo. Tofauti yao imo katika 12 zinazobaki.

Wapo wanaoamini kwamba asiye na namba hatatibiwa. Kwa kawaida NIDA huandikisha waliotimiza miaka 18, hivyo sharti la namna hiyo lingewafungia nje watoto, pamoja na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wasio na namba. Namba ya hospitali lazima iendelee kutumika, na hapa sina simile: katika mkoa wa mpakani, ambako suala la uraia huwachelewesha watu kupata namba, mgonjwa asiulizwe kitambulisho kabla ya kuulizwa anaumwa nini.

Si kweli pia kwamba anayeijua namba yako anaweza kusoma faili lako. Namba si nywila. Umekwisha kuitoa uliposajili laini ya simu. Wa kuangaliwa ni mtumishi mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo lakini asiye na sababu ya kukusoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nchini Estonia mgonjwa huingia mtandaoni akaona nani alifungua kumbukumbu zake na lini, na hicho ndicho ningependa wagonjwa wa Kigoma wapewe kwanza.