Je, wajua kwa nini difu ya pikapu ya zamani hulia, na jinsi ya kutambua kifaa kinacholia?

Difu ya nyuma, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli ya nyuma, hufanya kazi tatu kwa pamoja: hugeuza mzunguko wa propela (shafti ndefu inayoleta mzunguko kutoka kwenye gia boksi) kwa nyuzi 90 uelekee magurudumuni, hupunguza kasi ya mzunguko huo ili nguvu iongezeke, na huruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Kila kazi ina vifaa vyake, na vifaa hivyo havibebi mzigo kwa wakati mmoja wala havizunguki kwa kasi moja. Kwa sababu hiyo, fundi makini huanza kwa kuuliza sauti husikika wakati gani, kabla ya kuuliza ni kubwa kiasi gani.

Kwanza hakikisha kwamba ni difu kweli inayolia. Ekseli ya nyuma ya pikapu imefungwa kwenye chesisi kupitia springi, na sauti hupanda kupitia vyuma hivyo hadi kwenye kabini, ikawa vigumu kujua ilikotoka. Matairi yaliyolika vibaya hunguruma kama beringi iliyochoka, lakini mngurumo wao hubadilika pikapu inapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami ya kokoto, hata dereva asipobadili mwendo. Ukibadili gia huku mwendo wa gari ukibaki ule ule, na sauti isibadilike, basi haitoki kwenye injini.

Baada ya hapo, barabara tulivu na iliyonyooka ndiyo kipimo bora kuliko vyote. Meno ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela) na ya krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) yana nyuso mbili: mmoja husukuma injini inapovuta gari, na mwingine hubeba mzigo dereva anapoachia mafuta na gari likaanza kuizungusha injini. Mlio mwembamba unaosikika katika hali moja tu kati ya hizo, na katika mwendo fulani tu, mara nyingi huonyesha kwamba uso mmoja wa meno umelika au kwamba pinioni na krauni hazikutani mahali panapofaa. Mlio unaozidi kila unapoachia mafuta hunifanya niishuku pinioni iliyolegea, yaani beringi zake zimepoteza mkazo, nayo huweza kusogea mbele na nyuma mzigo unapobadilika.

Beringi zenyewe hulia tofauti. Zile za pinioni huzunguka kwa kasi ya propela, na katika difu yenye uwiano wa 4.10, pinioni huzunguka zaidi ya mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo sauti yake ni ya juu zaidi, ilhali beringi za krauni na za magurudumu hutoa mngurumo mzito, wa polepole. Beringi ya gurudumu hujitambulisha pia gari linapoyumbishwa taratibu kushoto na kulia: ukikata kushoto, uzito huhamia upande wa kulia, na mngurumo ukizidi hapo, ianze kuchunguzwa beringi ya kulia.

Gia ndogo za ndani, zile ambazo mafundi huziita spaida, hazizunguki kwenye pini yake gari linapokwenda moja kwa moja. Hubebwa tu pamoja na krauni. Sauti inayosikika kwenye kona pekee, basi, inaelekeza kwao, au kwenye klachi ndogo za difu inayozuia gurudumu moja lisiteleze peke yake. Klachi hizo hutetemeka zikitiwa oili isiyo na kiongezo chake maalumu, na wakati mwingine kubadilisha oili hutosha kuzituliza.

Mlio mmoja mzito wa kugonga unaosikika wakati wa kuingiza gia au kukanyaga mafuta ghafla ni jambo jingine. Zima injini, weka kabari magurudumuni, kisha zungusha propela kwa mkono ukiangalia krosi zake (viungo vinavyoiruhusu ijipinde) na pinioni. Krosi iliyokauka au kulegea hudanganya wengi hadi wakafungua difu bila sababu.

Mwishowe mwaga oili na uitazame. Uji laini wa kijivu kwenye bolti yenye sumaku ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida kamwe. Oili nyeupe kama maziwa imeingia maji, na oili iliyopungua huonyesha sili inayovuja, mara nyingi kwa sababu tundu la kupumulia limeziba na shinikizo likaisukuma oili nje.

Hapa nitoe onyo moja kwa msisitizo: usikaze nati ya pinioni ili kunyamazisha mlio. Difu nyingi zina bushi laini inayobonyea ili kuweka mkazo sahihi wa beringi, na ikibonyezwa kupita kiasi hairudi, hata ukilegeza nati. Vilevile, krauni na pinioni hutengenezwa zikiwa jozi, kwa hiyo hubadilishwa zote pamoja.

Mlio wa meno yaliyolika, usiobadilika kwa muda mrefu, hustahimilika kwa kitambo huku oili ikikaguliwa. Beringi ya pinioni inayonguruma kwa kuzidi siku hadi siku haistahimiliki hivyo, kwa kuwa ikivunjika huweza kukwamisha magurudumu ya nyuma gari likiwa mwendoni.