Kabla ya deksamethasoni, ulizia minyoo

Mgonjwa wa UVIKO-19 anayehitaji oksijeni hupewa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Dawa hiyo huokoa maisha, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuianza bila kumuuliza mgonjwa kama amewahi kuishi au kulima pekupeku mahali ambapo udongo huchanganyika na kinyesi.

Mnyoo ninayemhofia ni Strongyloides stercoralis. Minyoo wengi wa tumbo hutaga mayai, mayai yakatoka na choo, mnyoo akazeeka akafa. Huyu mabuu yake huanguliwa humohumo utumboni. Baadhi hukomaa kabla ya kutoka, hutoboa utumbo au ngozi ya kando ya mkundu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, wakarudi walikotoka. Ndiyo maana mtu aliyehama miaka 30 iliyopita anaweza kuwa naye bado, bila dalili zaidi ya kuwashwa mara mojamoja.

Steroidi zikishusha kinga, mzunguko huo hukatika breki. Mabuu hutawanyika mwilini wakibeba bakteria wa utumbo. Aliyekuwa akipata nafuu hupata homa upya, kikohozi, tumbo kuuma, kisha bakteria wa utumbo kama E. coli huota kwenye damu au maji ya uti wa mgongo. Wodini hudhaniwa ni virusi, dozi ya steroidi ikapandishwa! Tone la makohozi kwenye kioo cha hadubini, bila rangi yoyote, lingeonyesha mabuu wakijinyonganyonga.

Eosinofili (chembe nyeupe za damu ambazo minyoo huzipandisha) zikiwa za kawaida zisikutulize, maana steroidi zenyewe huzishusha. Choo cha siku moja nacho hudanganya, kwa sababu mabuu hutoka wachache na kwa vipindi. Afadhali sampuli za siku kadhaa, njia ya Baermann (choo huwekwa juu ya maji ya vuguvugu ili mabuu washuke humo), au kipimo cha kingamwili. Lakini usisubiri majibu: mwenye historia ya hatari mpe ivermektini, dawa ya minyoo, mikrogramu 200 kwa kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 humeza miligramu 12, yaani vidonge 4 vya miligramu 3. Albendazoli, dawa nyingine ya minyoo, ni dhaifu kwa mnyoo huyu.

Aliyeishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati apimwe kwanza Loa loa, mnyoo mwingine ambaye mabuu yake huwa kwenye damu, kwa damu iliyotolewa mchana. Vimelea hao wakiwa wengi, ivermektini inaweza kudhuru ubongo.

Mabuu wakishatawanyika, dozi moja haitoshi. Dawa hutolewa kila siku hadi choo na makohozi viwe safi kwa wiki 2, na utumbo ukigoma, kidonge hakifyonzwi.