Dashibodi Haina Kosa

Juzi kaja mteja mwingine tena. Huyu dashibodi alikuwa ameilaza siti ya nyuma kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali, skrubu zote kazitia kwenye mfuko mmoja, ndefu na fupi pamoja, na waya zinaning'inia mpaka kwenye pedali ya breki. "Fundi, kuna kitu kinagonga humu kwenye dashi. Nimefungua kila kitu, sijakiona. Hebu nisaidie kutafuta."

Nikamuuliza, kinagonga lini?

"Hapa, nyuma ya redio."

Nimeuliza lini, najibiwa wapi. Kila mara ni hivyo hivyo, na nimechoka kueleza kwa mdomo huku mtu anatazama saa. Kwa hiyo naandika, ili wa kesho nimtumie asome kabla hajashika bisibisi.

Imani inayoniudhi ni kwamba kelele ya gari iko pale unapoisikia. Nani abishane na sikio lake mwenyewe? Lakini ndani ya gari sikio ni shahidi mbaya, na ubaya wake una sababu.

Kulia na kushoto sikio hujua kwa kulinganisha. Sauti ya upande wa kulia hufika sikio la kulia kwanza kisha la kushoto, na tofauti yenyewe haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hilo masikio ni hodari ajabu. Ila kitu kilicho mbele yako katikati na kilicho nyuma yako katikati, sauti zao hufika masikio yote mawili kwa pamoja. Hapo ubongo hubaki kubahatisha, kwa msaada kidogo wa umbo la sikio na msaada mkubwa wa macho. Macho ya dereva yanatazama wapi? Mbele. Mbele kuna nini? Hukumu imeshatoka.

Ongeza kioo cha mbele: kipana, kigumu, kimekulalia. Sauti ya nyuma hukigonga ikakurudia usoni. Ongeza na bodi yenyewe. Hewani sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chuma hupita 5,000. Kitu kikigonga chini ya gari, mtetemo wake hukimbia ndani ya mabati na kutokea popote penye kitu kipana chepesi kinachoweza kutikisa hewa. Wapiga gitaa wanalijua hili: waya peke yake hausikiki, linalosema ni sanduku. Na ndani ya gari hakuna sanduku kubwa kuliko dashibodi. Yenyewe ni msemaji tu, mwenye maneno yuko kwingine.

Hapa ndipo hata mafundi wenzangu wananiudhi. Wana kipimo chao: gari linatembea, kelele inalia, fundi anakandamiza dashi kwa kiganja, kelele inapungua, basi, "tumeipata." Hamjaipata! Mkandamize mtu mdomo wakati anasoma barua ya mwenzake, sauti itapungua vilevile, lakini barua si yake. Ukikandamiza dashi unazuia sanduku lisitikisike. Chanzo kinaendelea kugonga huko kilipo, na wewe unaanza kuhesabu skrubu.

Kuna gari dogo lililofunguliwa dashi mara mbili na mafundi wawili kwa kipimo hicho hicho. Kelele ilikuwa kacha-kacha-kacha, upande wa kulia wa usukani, kwenye changarawe tu. Lami nzuri, kimya. Matuta makubwa, kimya. Nami nilikandamiza, na kweli ilififia. Ila nilitambua kitu: ilififia bila kubadili mwendo wake wala ukali wa kila pigo, kama redio iliyopunguzwa sauti. Ukishika kitu chenyewe kinachogonga, mara nyingi hunyamaza ghafla au hubadili lafudhi. Nikasimamisha gari, nikafungua boneti. Ile fimbo ya kuegemeza boneti hulala kwenye kishikio cha plastiki. Joto la injini lilikuwa limekikausha kishikio, kina ufa mahali pa kubana, na fimbo inacheza kama nusu milimita. Niliigonga kwa ukucha. Kacha. Sauti ile ile, na ukikaa ndani mlango umefungwa, ungeapa iko nyuma ya usukani, kwa sababu inapita kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Kipande cha mpira wa tyubu, kamba ya plastiki ya kufungia waya, dakika tano. Mwenye gari hakufurahi hata kidogo. Alikuwa anawaza zile safari mbili za dashi.

Basi turudi kwenye lini. Swali hili ndilo kazi nzima, na jibu lake anayejua ni dereva, siyo mimi, maana yeye ndiye anayekaa na gari kila siku.

Inalia gari likiwa limesimama? Weka nyutro, kanyaga mafuta polepole, sikiliza. Kama kuna mzunguko fulani inalia na ukiupita inanyamaza, basi inachezeshwa na injini. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kwa kila mzunguko. Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika, gari linapata mipigo 25 kila sekunde, na kwenye 3,000 ni mipigo 100. Kila kitu kilicholegea kina kasi yake ya kupenda kutetema, na injini inapopita hapo kitu hicho huamka. Mshukiwa wangu wa kwanza hapo ni lile bati jembamba la kuzuia joto la ekzosi: bolti imekula kutu, bati limebaki kushikwa upande mmoja, na mwenye gari anaapa kitu kiko chini ya siti yake. Kwa maana fulani ni kweli, kiko chini ya siti, ila upande wa nje.

Inafuata mwendo wa gari bila kujali injini? Tazama magurudumu. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita mbili, hivyo kwenye kilomita 60 kwa saa linazunguka kama mara nane kwa sekunde. Tiki-tiki inayoongezeka taratibu na mwendo, kabla hujaita beringi, tazama kama kuna kokoto imenasa kwenye meno ya tairi. Ukigusa breki kidogo tu inanyamaza? Pedi zinacheza kwenye kalipa, kile chuma kinachozishika. Endelea.

Inalia kwenye mashimo lakini ukipita tuta kubwa umenyooka, haisikiki? Hiyo naipenda, kwa sababu inajitaja yenyewe. Stabilaiza, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona, haifanyi kazi magurudumu yote mawili yakipanda pamoja. Huvutwa pale gurudumu moja linapopanda na jingine limebaki chini. Kwa hiyo linki za stabilaiza, vile vifimbo vya kuiunganisha na magurudumu, zikifa hukaa kimya kwenye tuta na kupiga kelele kwenye shimo la upande mmoja. Watu wengi wamebadilisha shokapu nzima-nzima kwa sababu ya linki.

Inalia asubuhi na mchana inaacha, au kinyume? Plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma inachofungiwa. Gari likianikwa juani siku nzima, vipande vya plastiki vinasukumana. Usiku vinarudi na kuacha nafasi. Kelele ya namna hii usiilete jioni ukategemea nitaisikia. Lete gari lilale kwangu.

Na swali watu wanaloliona la kipuuzi: ukiwa na abiria, inalia?

Yule wa juzi, mwenye dashi siti ya nyuma, nilipomuuliza hilo alicheka kidogo. "Hapana. Mke wangu akikaa hailii. Nilidhani ni bahati." Nikaenda upande wa abiria, nikauvuta mkanda kwa vidole viwili na kuuachia. Kile kichuma cha mkanda kikajipiga kwenye plastiki ya nguzo ya mlango: ta. Mkewe akikaa, mkanda umefungwa, hakuna cha kugonga. Asipokuwepo, kinaning'inia na kupiga nguzo kila penye mtikisiko, sauti inapita juu, inagonga kioo, inatua nyuma ya redio. Kuitibu ilichukua sekunde: kifungo cha kuzuia kichuma kisishuke kilikuwa kimepanda juu kupita kiasi. Kurudisha dashi kulichukua siku nzima, na skrubu tatu zimebaki mpaka leo hatujui za wapi.

Kwa hiyo kabla ya yote, toa vitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachokugongea mara nyingi umekipakia mwenyewe. Sarafu kwenye mfuko wa mlango. Miwani kwenye kasha lake juu ya kioo cha kati. Jeki na spana ya magurudumu chini ya spea tairi, jeki haijakazwa mahali pake. Chupa chini ya siti. Vifungo vya siti ya mtoto. Shada la funguo kumi na mbili zinazopiga plastiki ya usukani. Mwenye shada hilo gari lake hata siligusi, namwambia aendeshe na ufunguo mmoja wiki moja kisha anipigie. Hajawahi kupiga hata mmoja. Toa vyote, si baadhi, kisha pita barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Ikibaki, ndipo tuongee.

Kutafuta kwenyewe kunataka watu wawili. Dereva anayetafuta kelele ni hatari barabarani, na tena hana faida, kwa sababu kichwa chake hakitoki mahali pamoja. Mwenzako aendeshe, wewe hama: siti ya mbele, ya nyuma, geuka, ziba sikio moja. Sauti iliyokuwa mbele ukiwa mbele na ikawa mbele tena ukiwa nyuma, hiyo sasa inaanza kusema kweli. Mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine unaitembeza kwenye maungio, unashinda vifaa vingi vya bei kubwa. Simu nayo inasaidia kurekodi, lakini usilinganishe ukubwa wa sauti kati ya sehemu na sehemu: simu nyingi hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe, na utaona kila mahali kuna kelele sawa.

Halafu tofautisha kugonga na kulia kwi-kwi. Kinachogonga kina nafasi, kinataka kubanwa au kuwekewa kitambaa laini katikati. Kinacholia kwi-kwi, kama kitanda kibovu, hakina nafasi ya kutosha: vitu viwili vinashikana, vinaachia, vinashikana. Ukikibana zaidi unakiongezea sauti. Na msipulizie mafuta ya aina yoyote mnayoyaona. Ya petroli huvimbisha mpira na kukusanya vumbi. Silikoni inatosha.

Jambo moja silifanyii utani. Plastiki za nguzo na ukingo wa paa kwenye magari mengi zina mifuko ya hewa nyuma yake. Usizing'oe kwa bisibisi, na usijaze sponji humo ili kunyamazisha mlio, kwa sababu mfuko unahitaji njia yake wazi siku ya ajali. Betri itolewe, muda unaotajwa na kitabu cha gari usubiriwe, na kama hujui, acha.

Sasa niseme yasiyosemwa kaunta. Kuna magari nimeyafungua, sikuona kitu, nikayafunga, na kelele ikaondoka. Nimepokea pesa na shukrani huku sijui nilichofanya. Labda klipu ilikaa vizuri safari hii, labda waya ilihama. Kuna mengine kelele kubwa ikiondoka ndipo ndogo inasikika, na mteja anarudi akidai nimemwachia mpya. Nusu ya mara hizo ananionea. Nusu nyingine sina hakika, kwa sababu klipu za plastiki hazipendi kutolewa, kila ufunguzi unavunja moja au mbili, na niliyosema "haina neno" huenda ilikuwa na neno. Ndiyo maana nazuia dashi zisifunguliwe: dashi ambayo haijawahi kutoka ina kelele moja ya kutafuta, iliyotoka mara tatu ina yake na zangu.

Gari langu lenyewe linagonga. Kwenye kilomita 80, asubuhi yenye baridi, barabara ikiwa na mikwaruzo midogo: tk, tk-tk, tk. Nimetoa jeki, nimefunga mikanda yote, nimeviringisha kitambaa kwenye komeo la siti ya nyuma, nimebadilisha linki ambazo hazikuwa mbovu. Kwenye kilomita 70 hakuna, kwenye 90 hakuna. Mke wangu anasema iko kwenye dashibodi, nyuma ya redio. Sijamjibu, ila jana usiku nilijikuta nahesabu skrubu.