Kuiandaa Nyumba na Kuipangia Bei Kabla ya Kuiuza: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Nyumba wa Mjini

Mwenye nyumba anayetaka kuuza mara nyingi huanza kwa kujumlisha. Anahesabu fedha za kiwanja, tripu za mchanga na kokoto, mifuko ya saruji, nondo, mbao za kenchi, bati, fundi wa kwanza aliyekimbia na wa pili aliyemalizia, kisha anaongeza faida yake na kutamka bei. Hesabu hiyo ina uzito kwake kwa sababu kila shilingi ilimtoka mfukoni, lakini mnunuzi haimhusu hata kidogo. Mnunuzi analinganisha nyumba hiyo na nyingine alizoonyeshwa wiki hiyo hiyo, na anataka kujua nyaraka zikoje, nyumba iko wapi na jengo lina hali gani, kwa mpangilio huo huo. Wauzaji wengi huupindua mpangilio huu, wakaanza na rangi na kumalizia na hati. Makala haya yanafuata mpangilio wa mnunuzi, kwa kutumia mazingira ya Dar es Salaam, ingawa mengi yanayoelezwa yanafaa pia Mwanza, Arusha au Dodoma.

Nyaraka kwanza, rangi baadaye

Ardhi yote nchini Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaeleza hivyo bayana. Kwa hiyo anachouza mwenye nyumba ni haki ya kumiliki ardhi kwa kipindi kilichoandikwa kwenye hati, ambacho kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99, pamoja na maendelezo yaliyomo. Ndiyo maana nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, moja ikiwa na hati miliki na nyingine ikiwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa peke yake, haziwezi kuwa na bei moja. Mwenye hati anaweza kumuuzia hata mfanyakazi anayekopa benki, kwa kuwa benki inayotoa mkopo wa nyumba kwa kawaida huhitaji hati ya kuwekea rehani, ilhali yule mwingine hubaki akisubiri mtu mwenye fedha taslimu, na watu wa namna hiyo ni wachache na wanajua kushusha bei.

Kabla ya kumwita fundi rangi, mwenye nyumba aombe upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa ili aone daftari la serikali linasemaje kuhusu kiwanja chake. Hutokea mtu akamaliza mkopo miaka mingi iliyopita na kurudishiwa hati yake, lakini rehani haikufutwa kwenye daftari, au ndugu aliwahi kuweka zuio wakati wa mgogoro ambao familia ilishausahau. Mambo haya husafishika, ila huchukua wiki na pengine miezi, na mnunuzi akiyagundua mwenyewe ndiye atakayeyapangia bei. Kodi ya pango la ardhi nayo ilipwe hadi mwaka wa sasa. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, hivyo kwa nyumba nyingi haina malimbikizo, ingawa si vibaya kuhakiki, hasa nyumba ikiwa na mita zaidi ya moja au mita iliyokaa muda mrefu bila kutumika.

Suala la mwenzi lina mtego wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na haijalishi ni jina la nani lililoandikwa kwenye hati. Ridhaa hiyo itafutwe kwa maandishi kabla nyumba haijatangazwa, wala si baada ya kupokea malipo ya awali, kwa sababu muuzaji aliyekwisha kula fedha za mtu huku mkewe akikataa kusaini anakuwa amejiingiza kwenye kesi mbili kwa wakati mmoja. Kwa nyumba ya urithi, ikumbukwe kuwa kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na msimamizi huyo anapaswa kusajiliwa kwenye hati ndipo aweze kumhamishia mnunuzi umiliki. Aidha, asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji kwa utaratibu uliowekwa na sheria, hivyo muuzaji anayefuatwa na mnunuzi wa kigeni amwombe wakili alitazame hilo mapema.

Lipo pia swali la mahali penyewe. Wakazi wa kuanzia Kimara hadi Kiluvya hawajasahau bomoabomoa ya 2017 kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na tangu wakati huo mnunuzi wa maeneo ya kando ya barabara kuu huuliza mipaka ya hifadhi kabla hajauliza idadi ya vyumba. Vivyo hivyo kwa nyumba za kando ya mto au ufukweni, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka umbali wa mita 60 uachwe bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira hayo. Muuzaji mwenye ramani ya upimaji mkononi na mawe ya mipaka yanayoonekana ardhini hujibu maswali haya kwa dakika chache.

Matengenezo yanayorudisha fedha, na yasiyorudisha

Katika nyumba za ukanda wa pwani hakuna kasoro inayoshusha bei kwa haraka kama chumvi ya ukutani. Unyevu hupanda kutoka kwenye msingi hadi usawa wa goti, wakati mwingine kiuno, plasta inavimba, rangi inabanduka kwa magamba na unga mweupe unabaki kwenye vidole ukipapasa. Muuzaji mwenye haraka humwita fundi akapiga rangi ya mafuta juu ya ukuta huo huo, nao hung'aa vizuri kwa majuma machache, kisha malengelenge hurudi makubwa kuliko ya mwanzo kwa sababu unyevu umekosa pa kutokea. Mnunuzi mzoefu, au shemeji yake aliyemsindikiza kwa kazi hiyo, haangalii rangi. Husogeza kabati, hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, na plasta iliyoachana na tofali humjibu kwa sauti ya uwazi. Kuanzia hapo kila kitu ndani ya nyumba hiyo kitatiliwa shaka, hata kilicho kizima.

Tiba yenyewe inahitaji muda kuliko fedha. Plasta ibanduliwe hadi kwenye tofali, ipite kidogo juu ya mstari ulikofika unyevu, ukuta uachwe ukauke vya kutosha, ikiwezekana katika miezi ya kiangazi, ndipo upigwe plasta mpya kwa mchanga safi usio na chumvi, saruji na dawa ya kuzuia maji, na rangi ifuate baada ya plasta kukauka kabisa. Pale chanzo kilipo ni bomba linalovuja au maji ya mvua yanayosimama kando ya msingi, chanzo kishughulikiwe kwanza. Ikiwa muda au fedha havitoshi, ushauri wetu ni kuuacha ukuta kama ulivyo, kumwambia mnunuzi ukweli na kulipunguza jambo hilo kwenye bei. Mnunuzi anayeiona kasoro huipigia hesabu ya fundi, lakini anayehisi kwamba amefichwa huipigia hesabu ya hofu yake, na hiyo ndiyo kubwa.

Baada ya chumvi, paa. Doa la kahawia kwenye silingi bodi humweleza kila anayeingia kwamba bati linavuja, hata kama lilizibwa mwaka juzi, kwa hiyo bati litazamwe kwanza na silingi ibadilishwe baadaye. Karo la maji taka linyonywe kabla ya siku za kuonyesha nyumba. Taa ziwake zote, vitasa vifunge, bomba la jikoni litoe maji, na tangi la juu lisiwe linachuruzika. Kazi hizi ndogo hazigharimu fedha nyingi na hujibu vizuri.

Tusichoshauri ni kubadilisha vigae vya nyumba nzima, kufunga makabati mapya ya jiko au kutandika vitofali uani kwa kusudi la kuuza tu. Mnunuzi ana rangi zake na ladha yake, na huenda akavunja kilichojengwa jana.

Kuhusu mafuriko, muuzaji asijidanganye kwamba kuuza wakati wa kiangazi kutaficha jambo. Wanunuzi wa bondeni siku hizi huwauliza majirani maji yalifika wapi katika masika iliyopita, na jirani hana sababu ya kuficha.

Bei inavyopatikana

Kwa nyumba ya kuishi, njia kuu ya uthamini ni mlinganisho, yaani kuangalia nyumba zinazofanana ziliuzwa kwa bei gani hivi karibuni katika eneo hilo, kisha kuongeza au kupunguza kulingana na tofauti zilizopo. Neno la kushikilia hapa ni *ziliuzwa*. Bei zinazosomwa kwenye matangazo ya mitandaoni ni matumaini ya wauzaji, na baadhi yake zimekaa hapo mwaka mzima. Njia ya gharama, inayokokotoa thamani ya kujenga upya ukatoa uchakavu, hutumika zaidi kama kipimo cha kuhakiki, na njia ya mapato hufaa nyumba yenye wapangaji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye nyumba wa Kimara ana nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, kwenye kiwanja cha mita za mraba 600, ina hati, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko umbali wa kutembea kwa miguu. Alitumia shilingi milioni 150 kwa ujumla. Katika mwaka uliopita, nyumba ya karibu inayofanana na yake, yenye hati, iliuzwa milioni 115. Nyingine isiyo na hati iliuzwa milioni 95. Na ya tatu, yenye kiwanja cha mita za mraba 900 na inayopakana na barabara ya lami, iliuzwa milioni 140. Ukirekebisha tofauti za hati, ukubwa wa kiwanja na barabara, nyumba hii inaangukia kati ya milioni 112 na 120. Zile milioni 150 zilikwenda kwenye msingi mrefu wa mlimani na kwenye makosa ya mafundi, na soko halimlipi mtu kwa vitu hivyo.

Akitangaza milioni 160 kwa hoja kwamba "watapunguza wenyewe," mwenye milioni 120 haji hata kuangalia, na mwenye milioni 160 akija anaona kuwa kwa fedha hizo anapata nyumba kubwa zaidi mtaa wa pili. Nafasi ndogo ya kupunguziana inatosha, kwa maana mnunuzi wetu hafurahi asipopunguziwa kitu, lakini tangazo la milioni 124 linabaki ndani ya mazungumzo ya kweli. Maneno "bei maelewano" bila kiwango chochote huwaleta watu wengi na wanunuzi wachache. Kwa kuwa kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, bei itajwe kwa shilingi.

Nyumba inapokabidhiwa madalali watano kwa maneno ya mdomo, kila mmoja huweka cha juu chake, na mnunuzi mmoja huweza kuisikia nyumba hiyo hiyo kwa bei tatu ndani ya siku moja, jambo linalomfanya aamini kuwa ama si nyumba ya huyo muuzaji, ama mwenyewe ana shida na atashuka sana. Ni bora kumteua dalali mmoja au wawili kwa maandishi, bei ikiwa moja na malipo ya udalali yakiwa yametajwa, na asipewe hati halisi kwa sababu yoyote, nakala inamtosha.

Taarifa ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 itahitajika wakati wa uhamisho, kwa kuwa tozo na kodi hutegemea thamani iliyoidhinishwa. Anayeipata mapema huitumia pia kupanga bei. Asome vizuri, maana taarifa za uthamini zinazoandaliwa kwa ajili ya benki huwa na thamani ya soko pamoja na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo ni ndogo zaidi, na wapo wanunuzi wanaoishika ile ndogo na kuitumia kama fimbo.

Kinachobaki baada ya kodi

Bei iliyokubaliwa siyo fedha itakayobaki. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida itokanayo na mauzo ya ardhi au jengo, na asiye mkazi hulipa kiwango cha juu zaidi. Tangu 2022, asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya mapato ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kuangalia iliyo kubwa. Aliyeuza kwa milioni 118 akiwa na risiti na mikataba inayothibitisha gharama za milioni 95 atalipa milioni 2.3, bila kumbukumbu hizo atalipa milioni 3.54. Nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa mazoea hulipwa na mnunuzi, lakini mkataba uandike wazi nani analipa nini.

Malipo yapitie benki, mkataba uandaliwe na wakili kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa, na ueleze tarehe ya kukabidhi, vitu vitakavyobaki ndani ya nyumba, na hatima ya malipo ya awali endapo upande mmoja utajitoa. Siku ya kukabidhi, pande zote mbili zisome mita ya maji pamoja, zisaini usomaji huo, na muuzaji aombe akaunti za maji na umeme zibadilishwe jina, maana deni la mkazi mpya litaendelea kuandikwa kwa jina la yule aliyesajili akaunti hizo.