Ubora wa huduma hospitalini ni nini hasa, na utaujuaje ukiuona

Kila mara hapa Nairobi utasikia hospitali fulani ya umma imefungua wodi mpya, mheshimiwa amekata utepe, picha zimepigwa, na sisi tunaambiwa huduma imeboreka. Alafu mtu anampeleka mamake hapo hapo, wanakaa kwa benchi toka asubuhi mpaka saa nane mchana, mama anaonwa dakika chache tu, hakuna mtu amempima presha, na anaandikiwa karatasi akanunue dawa kwa kemisti ya nje. Sasa hapo huduma imeboreka ama bado? Hatuwezi kujibu kama hatujakubaliana ubora wa huduma ni kitu gani, na naona watu wengi, hata hao wanaokuja kutuomba kura, wanauchanganya na vitu viwili tofauti: kuwa na hospitali karibu, na kuwa na hospitali inayopendeza macho.

Kwa ufupi, huduma ni bora kama mgonjwa anafanyiwa kile kinachojulikana kusaidia ugonjwa wake, anafanyiwa kwa wakati, hospitali yenyewe haimuumizi, na anaheshimiwa kama mtu. Shirika la Afya Duniani lina orodha ndefu kidogo kuliko hio, linaongeza mambo kama usawa na kutoharibu rasilimali, lakini ukishika hizo nne umeshika mzizi wa jambo.

Aliyetuonyesha njia nzuri ya kuichunguza hii kitu ni Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1966 aliandika kwamba huduma ya hospitali unaipima kwa kuangalia pande tatu. Upande wa kwanza ni vilivyopo, yaani majengo, mashine, dawa, madaktari na manasi (wauguzi) ni wangapi. Wa pili ni yanayofanywa, toka mgonjwa anaingia getini mpaka anatoka. Wa tatu ni matokeo, amepona, amebaki na ulemavu, ama amefariki. Upande wa kwanza unaonekana na ndio maana wanasiasa wanaupenda, wa tatu unahesabika hata kama hesabu zinachelewa, lakini huo wa katikati unafanyika nyuma ya pazia la wodi saa tisa za usiku wakati hakuna mheshimiwa wala kamera, na mimi naamini hapo katikati ndipo tunapoteza watu wengi.

Angalia mambo ya kujifungua. Kuanzia tarehe 1 Juni 2013 serikali ilisema kujifungua kwenye hospitali za umma ni bure. Kabla na baada ya hapo kulikuwa na kampeni nyingi za kuwaomba kina mama wasizalie nyumbani, na watu wakaitikia kweli kweli, manake utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto 61 kati ya 100 wanazaliwa kwenye vituo vya afya na ule wa 2022 ukakuta wamefika 82. Hio ni hatua kubwa sana na waliyoipigania wanastahili shukrani. Lakini ukiangalia vifo vya kina mama sasa, ule utafiti wa 2014 ulikadiria vifo 362 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na sensa ya 2019 ikatoa 355. Hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja, ila zote zinaonyesha hadi wakati huo tulikuwa karibu palepale. Mama amefika hospitali kama alivyoambiwa, na bado anafia pale.

Na sio Kenya peke yake. Mwaka 2018 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet Global Health ilipiga hesabu ya nchi za kipato cha chini na cha kati, ikakuta kila mwaka watu kama milioni 8.6 wanakufa kwa magonjwa ambayo yanatibika. Milioni 3.6 kati yao hawakuwahi kupata huduma. Wale wengine milioni 5 waliipata, na huduma ndio ilikuwa mbaya. Yaani waliofia mikononi mwa huduma ni wengi kuliko waliokosa kabisa kuhudumiwa, na mimi nadhani hio ndio sababu kubwa ya kuacha kuuliza tu "hospitali iko umbali gani".

Sasa wacha nieleze huo upande wa katikati kwa kitu kimoja nikichukue polepole, manake ukikielewa hiki umeelewa karibu kila kitu. Mama amejifungua salama, mtoto amelia, kila mtu anacheka. Damu inatoka, na ni kawaida damu kutoka. Swali ni imetoka ngapi. Ikifika nusu lita hio inahesabiwa ni hatari na kazi inafaa ianze mara moja. Lakini damu haitoki ikijipanga kwa jagi, inaingia kwa shuka, kwa pamba, inachuruzika kitandani hadi sakafuni, na nasi anatakiwa kukisia kwa macho tu, saa zingine akiwa peke yake na kitanda cha pili kuna mama mwingine anasukuma. Macho hukisia chini ya ilivyo. Kwa hivyo unasikia "ametoka damu kidogo tu" alafu baada ya nusu saa mama midomo imekuwa meupe na watu wanaanza kukimbia.

Kukafanywa utafiti mkubwa kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kina mama zaidi ya 210,000, majibu yakatoka mwaka 2023. Walichofanya ni kumwekea mama chini yake nailoni yenye mfuko na mistari ya vipimo, damu inaingia mle na nasi anasoma imefika wapi, hakisii tena. Ikifika kwenye mstari wa hatari anafanya yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindikane ndio ajaribu lingine: anakanda tumbo kwa juu ili mfuko wa uzazi ujikaze, anampa dawa ya kuukaza, anampa asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, anamwekea dripu, na anaangalia damu inatokea wapi. Kwenye hospitali zilizofanya hivyo, wanaotoka damu nyingi waligunduliwa 93 kati ya 100. Kwenye zile zilizoendelea kama kawaida ni 51, karibu nusu wanapita bila mtu kujua. Na madhara makubwa kabisa, yaani kutoka damu lita nzima au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu, ama kufa kwa kutoka damu, yalipungua kwa asilimia 60.

Ona vile hakuna jengo lililojengwa hapo. Hizo dawa nyingi zilikuwa zinajulikana na zinatumika tayari kwenye hospitali zetu. Kilichobadilika ni nani anaangalia nini, saa ngapi, na anafanya nini akishaona.

Lakini pia nisiseme vifaa si kitu, vifaa na kazi vimeshikana. Hio dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, oksitosini, inatakiwa kukaa kwa friji kati ya nyuzi 2 na 8. Stima ikipotea na jenereta haina dizeli, ama friji ni ile imeharibika mlango na hakuna mtu ameitisha fundi, dawa inabaki kwa kichupa chake ikionekana sawa kabisa, kumbe nguvu imeisha. Kwenye ripoti itaandikwa dawa ipo. Nasi atadunga sindano akijua amefanya kazi yake, na mama ataendelea kutoka damu. Ndio maana mtu akikwambia "dawa zipo" muulize zimewekwa wapi.

Usalama nao watu huufikiria kama kitu cha ziada, na ndio wa kwanza. Mwaka 2018 pale Kenyatta, hospitali kubwa kuliko zote za umma nchini, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa akatafutwa damu iliyoganda kwenye ubongo na haikuwepo, kwa sababu mgonjwa wa operesheni hio alikuwa ni mwingine. Wagonjwa wawili walichanganywa. Nchi nzima ilishtuka na madaktari wakatukanwa sana, lakini ukiitazama vizuri hio si shida ya mtu kutojua kupasua, ni shida ya utaratibu wa kuhakikisha huyu aliyelala hapa ndiye yule. Na dawa ya hio shida ilishajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa orodha ya maswali 19 ya kupitia kwa sauti kabla ya kulazwa usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani: jina lako ni nani, unafanyiwa nini, upande gani, vitambaa vya damu vimehesabiwa vikatimia. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ni Ifakara hapa Tanzania kwa majirani, na majibu ya 2009 yalionyesha vifo baada ya operesheni vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu, lakini watu waisome kweli, sio kuweka tiki zote mwishoni mkishamaliza.

Na hio tabia ya kujaza fomu baadaye ni ugonjwa wetu. Kuna chati ya uchungu, patografu, ambayo nasi anafaa kuijaza mama akiendelea na uchungu, aone mapigo ya moyo wa mtoto na njia inafunguka kwa mwendo gani, ili ikikwama ajue mapema aite daktari. Inajazwa saa zingine mtoto akishazaliwa, ndio faili ionekane safi. Chati iliyojazwa baadaye haiwezi kumwokoa mtu.

Foleni nayo. Kungoja tu hakumaanishi huduma ni mbaya, hospitali yoyote yenye watu wengi utangoja. Ubaya ni kungoja kwa namba, yule wa namba 40 mwenye mtoto anayepumua kwa shida na mbavu zinaingia ndani anangoja nyuma ya namba 12 aliyekuja na kikohozi cha kawaida. Hospitali nzuri ina mtu anayepita kwa hilo benchi, anaangalia, anabandika kaklipu ka kidole kupima oksijeni, na anamtoa huyo mtoto mbele bila kuomba ruhusa ya foleni. Ukiona mtu kama huyo anafanya kazi hio mpaka jioni ujue uko mahali pazuri hata kama kuta zimebanduka rangi.

Heshima watu wengine wanaiona ni mambo ya tabia tu, haihusiani na matibabu. Hapana. Shosho (bibi mzee) akiulizwa kwa ukali "umekuja tena?" hatasema kwamba zile dawa za presha alizimaliza wiki mbili zilizopita akakosa pesa, ataitikia tu ndio, na daktari ataongeza dozi ya dawa ambayo hainywi. Akiulizwa "shosho, hizi dawa zilikutosha mwezi, ama ziliisha?" ukweli unatoka. Na heshima ni sheria pia, mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia kina mama wawili hospitalini Pumwani kwa kukosa pesa za bili, mmoja akilala sakafuni, kulivunja haki zao.

Sitaki mtu asome hapa alafu aende kumgombeza nasi. Nasi mmoja usiku mzima na wodi imejaa, wamama wawili kitanda kimoja, hata awe na roho nzuri aje hatafika kwa kila mtu kila baada ya nusu saa. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na kati ya waliyodai ni mkataba uliosainiwa 2013 utekelezwe. Tangu ugatuzi hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, kwa hivyo kwa Mama Lucy, Mbagathi ama Pumwani maswali ya watu wangapi wameajiriwa na friji imetengenezwa lini yanaenda kwa kaunti, na Kenyatta yanaenda kwa serikali kuu.

Na maswali yenyewe yawe ya upande wa katikati. Katiba kifungu cha 43 kinakupa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana na kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kulalamika na kusikilizwa. MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, akija na habari ya vitanda vipya, muulize kwenye matanity damu inapimwa na nini. Muulize mama akifariki, kikao cha kupitia kifo hicho kinakaa siku ngapi baadaye, na kilichoamuliwa mara ya mwisho kilitekelezwa na nani. Na kama ni wewe ama mtu wako amefanyiwa vibaya, andika tarehe, saa, wodi na kilichofanyika ungali unakumbuka, itisha nakala ya karatasi ya kutoka hospitali, anza na ofisi ya malalamiko ya hospitali yenyewe, wakikunyamazia kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kwa mambo ya daktari, na Baraza la Wauguzi kwa mambo ya nasi.