Nimonia inayoshika kuta za mapafu: maswali na majibu

Ina tofauti gani na nimonia tuliyoizoea?

Nimonia ya kawaida hujaza usaha ndani ya vifuko vya hewa. Hii, ambayo wataalamu huiita nimonia ya intastishia, hushika ukuta ulio kati ya kifuko cha hewa na mishipa midogo ya damu. Ukuta huo ni mwembamba mno: unapokuwa mwembamba zaidi haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukivimba, mgonjwa anavuta hewa lakini oksijeni ya kutosha haifiki kwenye damu.

Ndani huharibika nini hasa?

Karibu asilimia 95 ya uso wa vifuko hufunikwa na seli bapa zisizoweza kujigawanya. Zikifa kwa sumu au virusi, majimaji yenye protini huvuja na kuganda kuwa utando. Kisha seli nyingine za vifuko, ziitwazo za aina ya pili, huzaliana ili kuziba pengo. Kisababishi kikiondoka mapema, pafu huweza kupona. Kikibaki, hutengenezwa makovu, na kovu la pafu halirudi nyuma.

Wakaguzi wa nyama huliona hili kwa macho. Kifua cha mnyama kikifunguliwa, pafu lenye afya hunywea papo hapo. Lenye ugonjwa huu hubaki limetuna, zito, mara nyingi lina alama za mbavu juu yake, na ukilibonyeza ni kama mpira.

Ng'ombe wangu wakubwa walianza kuhema siku chache baada ya kuhamia majani mabichi. Sindano za antibayotiki hazikusaidia. Kwa nini?

Huenda si bakteria. Ng'ombe akitoka ghafla kwenye nyasi kavu kwenda majani teketeke, vijidudu vya tumboni hugeuza triptofani (kijenzi cha protini) ya majani kuwa 3-methilindoli, na sumu hiyo hupita kwenye damu hadi kwenye mapafu. Usiwakimbize, hata mwendo mfupi unaweza kuwaua. Safari nyingine wazoesheni kidogo kidogo, wakiwa wameshiba nyasi kavu. Lakini mwite daktari wa mifugo haraka, maana homa ya mapafu ya ng'ombe nayo huleta kuhema, na hiyo huambukiza kundi zima.

Kondoo wana yao ya virusi, maedi. Iceland iliipata kupitia kondoo wa aina ya Karakul walioletwa kutoka Ujerumani mwaka 1933. Haijulikani kumwambukiza binadamu.

Na sisi binadamu tunaipataje?

Kwa njia nyingi: vumbi la majani yaliyoota ukungu, vinyesi na manyoya ya njiwa au kuku, vumbi la mawe migodini, baadhi ya dawa kama amiodaroni ya mapigo ya moyo, baridi yabisi, virusi vya korona. Wengine, hasa waliozidi miaka 60, hawaonekani kuwa na sababu yoyote.

Nina kikohozi kikavu kwa miezi, vipimo vya TB havioni kitu. Nifanye nini?

Mweleze daktari kazi unayofanya, ndege unaofuga na kila dawa unayomeza, hata asipouliza. Mwonyeshe vidole kama ncha zimetuna. Omba akuelekeze kwenye kipimo cha CT ya kifua (picha za kompyuta zinazoonyesha pafu kwa undani). Eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi mwanzoni. Pima pia VVU, kwa sababu nimonia ya kuvu ya pneumosistisi hushika sehemu hizo hizo na hutibika kwa kotrimoksazoli.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka bluu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.